Damu imerudi, kinga bado

Dada mmoja wa Tanga ameniandikia, nami nimefupisha: "Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 36. Aligundulika na saratani ya damu aina ya AML, akapandikizwa uloto India miezi mitano iliyopita, na aliyemtolea seli ni mdogo wake wa kiume, waliyelingana vipimo. Tumerudi nyumbani. Picha kamili ya damu ya juzi imeonyesha chembe nyeupe 6.1, Hb 12.4, chembe sahani 188. Shemeji huyo na mama mkwe wanasema amepona, na kwamba hizo dawa za kushusha kinga ndizo zinazomdhoofisha, aziache. Lakini daktari wa kule amesema kwenye simu kwamba kinga haijarudi, akapime CD4. Wiki hii viganja vimekuwa vyekundu, vinamwasha, na mdomo unakauka, pilipili haiwezi tena. Tuna mtoto wa miezi minane anayekaribia chanjo ya surua. Na mwezi ujao kuna arusi ya binamu yake. Nifanye nini?"

Marahaba, dada. Nianze na lisilongoja. Viganja hivyo na mdomo huo vionwe na daktari wiki hii, msisubiri kliniki ya mwezi ujao. Vipige picha mchana, kwenye mwanga wa dirisha, umtumie na daktari wa India. Na saiklosporini, ndiyo hiyo dawa ya kushusha kinga, asiruke hata dozi moja. Haya mengine tuyaongee kwa nafasi.

Picha kamili ya damu huhesabu chembe, haipimi zinajua nini. Ile 6.1 ni jumla ya chembe nyeupe zote, na kwa mtu mzima sehemu kubwa yake ni neutrofili, zinazomeza bakteria na fangasi. Hizo ndizo hutangulia kurudi. Mtu aliyepewa seli shina, zile zinazozaa chembe zote za damu, zilizochujwa kwenye damu ya mkononi huzipata katika wiki mbili hivi, na aliyepewa uloto uliovutwa nyongani, kama wiki tatu. Zikifika 0.5 na kubaki hapo siku tatu mfululizo, madaktari husema kipandikizi kimeshika. Bila shaka mnaikumbuka siku mliyoambiwa hivyo wodini, na ilikuwa habari njema kweli.

Sasa chukua ile karatasi ya maabara, ushuke chini ya WBC, yaani jumla ya chembe nyeupe, hadi mstari ulioandikwa LYM. Hizo ni limfosaiti, na habari ya kinga iko hapo. Kwa mtu wa miezi mitano tangu kupandikizwa si ajabu kuona 0.7 au 0.9 huku jumla ikionekana nzuri. Hata huo mstari nao haumalizi maneno, kwa sababu umechanganya aina tatu zinazorudi kwa mwendo tofauti. Seli NK, zinazoua seli zilizoambukizwa, huwahi, ndani ya mwezi mmoja au miwili. Seli B, zinazotengeneza kingamwili, huanza kuonekana baada ya miezi kadhaa, na huchukua mwaka hadi miaka miwili kabla hazijafanya kazi ipasavyo. Seli T ndizo zenye safari ndefu, hasa zile za CD4 ambazo bila amri yake nyingine nyingi hazifanyi kitu.

Seli T huzaliwa kwenye uloto, lakini haziwi seli T mpaka zipite kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Huko ni kama jandoni: zinaingia nyingi, zinafundishwa nani wa nyumbani na nani mgeni, na isiyofuzu haitoki. Tofauti na jando letu ni kwamba huku zaidi ya tisa katika kumi hazitoki. Thaimasi huanza kunywea tangu mtu anapobalehe, na kwa mtu wa miaka 36 sehemu kubwa imeshageuka mafuta. Ongeza kemotherapia kali aliyopewa kabla ya kupandikizwa, nayo imeigusa. Ndiyo maana mtoto wa miaka sita akipandikizwa hurudisha CD4 mapema zaidi, na mtu mzima huchukua mwaka, miwili, wakati mwingine zaidi.

Basi hizo seli T alizonazo leo zimetoka wapi? Nyingi ni za shemeji yako, zilizokomaa tayari, zilizokuja ndani ya ule mfuko pamoja na seli shina. Zimefika mwili mtupu, zikazaana kwa kasi. Idadi inaweza kupanda vizuri huku zote zikiwa uzao wa mababu wachache, zinazojua maradhi machache. Kuna kirusi kiitwacho CMV, ambacho watu wazima wengi wa Afrika Mashariki wanacho tangu utotoni bila kujua. Kikiamka, seli za CD8, tawi jingine la seli T, zinazokilenga hicho tu huzaana mpaka zikajaza nafasi, na kipimo kikaonekana kizuri. Daktari anataka CD4 kwa sababu hiyo. Mtu mzima mwenye afya huwa na 500 kwenda juu. Mume wako anaweza kuwa chini ya 200 na bado neutrofili zake zikawa sawa kabisa.

Kuhusu kipimo chenyewe, najua kinachowasumbua wengi. CD4 kwetu inajulikana kwa VVU, na mara nyingi mashine iko karibu na kliniki ya CTC, kwa hiyo mtu akionekana pale maneno yanaanza. Mwombeni daktari aandike kwenye fomu "baada ya upandikizaji wa uloto", damu itolewe maabara kuu na sampuli ipelekwe. Si lazima mgonjwa akapange foleni huko.

Sasa hoja ya shemeji. Ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayofanya maneno yake yaingie akilini. Saiklosporini kweli inazifunga mikono seli T, na kweli inaongeza hatari ya maambukizi. Lakini anapaswa kujua dawa hiyo inazuia nini: inazizuia seli zake yeye zisimle kaka yake.

Ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi moja katika nne ya kulingana HLA, yaani alama ambazo kinga hutumia kumtambua wa nyumbani, na hawa walilingana. Lakini HLA ni kundi moja tu la jeni. Zipo tofauti nyingine ndogondogo mwilini ambazo kipimo cha ndugu hakizitafuti, na seli za shemeji zinazikuta kwenye ngozi, kwenye utumbo, kwenye ini, mdomoni, machoni. Zikizichukulia hizo tofauti kama ugeni, zinashambulia. Ugonjwa huo wataalamu huuita GVHD, yaani kipandikizi kumshambulia mwenyeji wake. (Nashukuru mtoaji alikuwa mwanamume. Dada aliyekwisha kuzaa akimtolea kaka yake, hatari ya GVHD sugu hupanda, kwa kuwa mimba za watoto wa kiume huzifundisha seli zake kuchukia alama za kiume.)

Viganja vyekundu vinavyowasha ni mlango wa GVHD unaojulikana sana. Mdomo mkavu unaokataa pilipili ni mlango mwingine, nao huelekea kwenye ile sugu. Zamani tulitenganisha GVHD kali, yaani ile ya mapema, na sugu kwa siku ya 100 baada ya kupandikizwa. Leo tunaangalia dalili zenyewe, na zote mbili zinaweza kuwa kwa mtu mmoja. Mkalishe karibu na dirisha, afungue mdomo, uangalie ndani ya mashavu. Ukiona mistari myeupe myembamba iliyopishana, mwambie daktari kwa maneno hayo hayo. Muulize pia kama macho yanachoma kama yana mchanga, kama choo kimekuwa cha maji na mara ngapi, kama mkojo umekuwa wa rangi ya chai, kama ngozi ya mikono inakaza. La mwisho, ambalo wagonjwa hawalitaji mpaka waulizwe: je, anahema akipanda ngazi ambazo mwezi uliopita alizipanda bila shida, au ana kikohozi kikavu? GVHD ya mapafu huingia kimya, na kilichopotea hapo mara nyingi hakirudi. Kipimo cha kupuliza kwenye mashine kila miezi mitatu ndicho kinachoikamata mapema. Kiulizieni hata kama hamjaandikiwa.

Hapa ndipo pana kisa chote. Saiklosporini huchelewesha kinga, ndiyo. Lakini GVHD yenyewe huichelewesha zaidi, kwa sababu inaishambulia thaimasi na uloto, kwa maana nyingine inabomoa shule yenyewe ambayo seli mpya zingepitia. Na ikilipuka, tiba yake ya kwanza ni prednisoloni kwa dozi kubwa, ambayo hushusha kinga kuliko saiklosporini, kwa wiki nyingi, na haikatishwi ghafla. Mtu anaacha vidonge ili kinga ipande, anaishia na kinga ya chini kuliko alikoanzia. Ikiwa prednisoloni haitoshi, siku hizi kuna ruksolitinibu, iliyoidhinishwa Marekani kwa GVHD kali mwaka 2019 na kwa sugu mwaka 2021. Ni ghali, na nayo inashusha chembe.

Mtauliza, kwa nini basi wasiongeze tu dawa mpaka GVHD isitokee kabisa? Kwa sababu ya saratani. Mwaka 1979 timu ya Seattle, ile ya Donnall Thomas ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1990, ilionyesha kwamba wagonjwa wa lukemia waliopata GVHD walirudiwa na saratani mara chache kuliko wasioipata. Waliopandikizwa kutoka kwa pacha wa kufanana kabisa kwa kawaida hawapati shida hiyo ya ngozi na utumbo, lakini lukemia huwarudia zaidi. Seli za shemeji yako zinawinda mabaki ya ugonjwa, na tukizifunga kabisa tunaupa ugonjwa nafasi. Kwa hiyo daktari hupunguza saiklosporini taratibu, kwa kawaida kuanzia karibu na siku ya 100, na kama hakuna dalili huimaliza karibu na mwezi wa sita. Dalili zikitokea katikati, kama sasa, ratiba husimama. Msijilinganishe na mgonjwa wa kitanda cha jirani. Mtoto wa selimundu, kama hao wanaopandikizwa siku hizi Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma, hana saratani ya kuwindwa, hivyo yeye huweza kukaa na dawa muda mrefu zaidi bila hofu ya saratani kurudi.

Dawa hiyo ina masharti madogo yanayoharibu mambo makubwa. Siku ya kupima kiwango chake kwenye damu asimeze ya asubuhi mpaka damu itolewe. Akimeza kwanza, majibu yatasoma juu na daktari atapunguza dozi isiyotakiwa kupunguzwa. Balungi asiguse, tunda wala juisi, maana linaipandisha dawa hiyo kwenye damu. Machungwa matamu ya Muheza ale. Mitishamba yote, hata ile anayoileta mama mkwe kwa upendo, ikae pembeni. Na mtu yeyote akimwandikia dawa mpya, hata za fangasi au erithromaisini, aulize kwanza.

Ipo moja ninayoisisitiza kwa kuwa tunaishi huku: rifampisini. Kifua kikuu kinaweza kuamka kwa mtu mwenye kinga ya namna hii, na kikohozi cha wiki mbili kipimwe makohozi. Lakini rifampisini huishusha saiklosporini kwenye damu vibaya sana, ndani ya siku chache tu. Akianzishiwa dawa za TB, daktari wa uloto ajue siku hiyo hiyo ili wapange dozi au wabadilishe dawa.

Homa ndiyo hofu yangu kubwa kwenu. Nyuzi 38 kwenye kipimajoto, saa nane za usiku au mchana, ni safari ya hospitali, si panadoli na kulala. Anahitaji antibiotiki ya mshipa ndani ya saa ya kwanza. Kwetu homa inapelekwa moja kwa moja kwenye malaria. Apimwe malaria, ndiyo, lakini kipimo kikiwa chanya kisiwafanye wauguzi waache kuchukua damu ya kuotesha na kuanza antibiotiki. Anaweza kuwa na vyote viwili. Na kama atakuwa kwenye prednisoloni, homa inaweza isifike 38 kabisa. Hapo kutetemeka, kuchanganyikiwa au kuishiwa nguvu ghafla kunatosha. Prednisoloni hiyo hiyo hupandisha neutrofili kwenye karatasi, kwa hiyo msitulizwe na WBC nzuri.

Maambukizi ya kipindi hiki si yale ya wodini. Kule hofu ilikuwa bakteria wa utumbo na fangasi. Sasa ni CMV, ambayo hupimwa kwa PCR hasa akiwa kwenye prednisoloni. Ni nimonia ya Pneumocystis, ndiyo maana ya Septrin mpaka dawa za kushusha kinga ziishe na CD4 zipande. Ni mkanda wa jeshi, ndiyo maana ya asiklovia kwa mwaka mzima angalau. Halafu kuna vitu viwili ambavyo madaktari wa nchi za baridi huweza kuvisahau. Homa ya ini B ya zamani huamka kinga ikishuka, kwa hiyo majibu yake ya kabla ya upandikizaji yatafutwe. Na mnyoo wa Strongyloides, unaoingia kwa nyayo tupu kwenye udongo, huweza kukaa mwilini miaka mingi kimya. Mtu akipewa prednisoloni nyingi unazaana na kuenea hadi mapafuni. Ivermektini, dawa ya mnyoo huo, kabla ya kuanza steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni, ni jambo la kumkumbusha daktari.

Nyumbani siamini sana orodha ndefu za vyakula vya kukatazwa. Chakula kiive, kiliwe cha moto, maziwa yachemshwe, mishikaki na kachumbari za barabarani zisubiri. Ninachokikazania ni vumbi na ukungu: asifagie stoo ya mahindi, asiingie banda la kuku, asikae nyumba inayobomolewa ukuta, kwa sababu mbegu za fangasi wa Aspergillus ziko humo. Na jua la mchana huamsha GVHD ya ngozi, basi shati la mikono mirefu na kofia.

Akiwahi kuhitaji damu, isiwe damu ya kawaida tu. Inatakiwa iwe imepigwa mionzi, kwa kuwa seli T za mchangia damu zikiingia kwa mtu asiye na kinga ya kuzikataa zinaweza kuleta GVHD nyingine ambayo ni vigumu mno kuitibu. Hospitali nyingi za wilaya hazina damu hiyo, kwa hiyo mjue mapema ni wapi inapatikana. Pia kama yeye na mdogo wake walikuwa makundi tofauti ya damu, kundi lake linabadilika kuwa la mdogo wake. Kadi yake ya zamani inadanganya. Mwandikieni kadi mpya yenye makundi yote mawili, tarehe ya upandikizaji, dawa anazotumia na namba ya daktari, aiweke kwenye pochi.

Mtoto achanjwe surua na rubella akifika miezi tisa bila kusita. Virusi vya chanjo hiyo haviambukizi watu wa nyumbani, na surua yenyewe ikiingia ndani ya nyumba yenu inaweza kumuua baba yake. Ya kuangalia ni matone ya polio, yale ya kampeni za nyumba kwa nyumba: virusi vyake hutoka kwenye choo kwa wiki kadhaa. Waambie wachanjaji hali ya nyumba yenu na uulize kama sindano inapatikana. Mtoto akishapewa matone, baba asibadilishe nepi mwezi mzima na nusu, na mikono ioshwe kwa sabuni. Yeye mwenyewe kinga ya chanjo zake za utotoni imefifia au kwisha, anaanza upya kama mtoto mchanga. Chanjo zisizo hai, ile ya nimokokasi kwanza, huanza kati ya mwezi wa tatu na wa sita, hata kama bado anatumia dawa. Zilizo hai kama surua ni baada ya miaka miwili, GVHD ikiwa haipo na dawa zimekwisha. BCG asipewe. Ya homa ya manjano asichomwe kwa ajili ya safari. Daktari atamwandikia barua ya msamaha.

Na arusi. Kama viganja vitakuwa vimetulia, CD4 zinajulikana na daktari hajaongeza steroidi, aende kwenye nikahi asubuhi, pale penye hewa, akae mwisho wa safu akiwa amevaa barakoa, awape watu mkono wa mbali kwa kuweka kiganja kifuani, kisha arudi nyumbani kabla ya pilau. Usiku wa ngoma ukumbini na watoto wa ukoo mzima, hapana. Chakula chake mpakulie wewe kwenye sufuria kabla watu hawajaanza kuchovya. Na kama katika familia ya bibi arusi kuna mtoto mwenye tetekuwanga au surua wiki hiyo, asiende kabisa. Na kama ameshakutana naye, nipigieni au mpigieni daktari wake siku hiyo hiyo, kwa sababu kinga ya dharura inayotolewa hapo ina siku chache tu za kufanya kazi.

Shemeji mwambie amlete mwenyewe kliniki wiki hii. Nina maswali ya kumuuliza pia: madaktari wa uloto wakati mwingine humrudia mtoaji kwa limfosaiti za nyongeza lukemia ikianza kuchungulia, na ni vizuri ajue mapema kwamba kazi yake huenda haijaisha.